Usimruhusu Fundi Akuwekee Office ya Kraki

Kama umeleta laptopu nyumbani wiki hii, au umepanga kushuka mjini Luthuli Avenue kuichukua, na muuzaji au fundi wa mtaani amekuahidi kwamba atakuwekea Word, Excel na PowerPoint kwa shilingi mia tatu au mia tano, mwambie asiiguse. Flashi yake isiingie kwenye mashine yako. Na kama ameshaifanya kazi hiyo, usifungue barua pepe, akaunti ya KRA, eCitizen wala ya benki kwenye kompyuta hiyo mpaka uisafishe. Njia ya kuisafisha nitaieleza hapa chini. Nitaeleza pia jinsi ya kupata programu za ofisi bila kutoa hata ndururu, kwa njia ambayo hakuna sheria inayoikataza.

Nazungumza na watu wa Kibera na Kawangware kwa sababu huku kompyuta ya nyumbani hununuliwa kwa jasho. Familia ya Gatwekera au Gatina haichukui laptopu ili kujifurahisha. Imevuta zamu ya chama au imekopa sako, na mashine hiyo moja itabeba mambo ya nyumba nzima: kazi za shule za watoto wa CBE, maombi ya HELB na KUCCPS ya yule aliyemaliza kidato cha nne, barua za baba za kutafuta kazi, hesabu za chama za mama, na kazi ya mtandaoni ya kijana anayenakili sauti usiku kwa malipo ya dola. Tangu serikali ianzishe mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, vijana wamekuwa wakihimizwa kutafuta riziki kwenye kompyuta, na wengi wameitikia. Sumu ikiingia kwenye laptopu hiyo, hakuna aliye chini ya bati hilo anayebaki salama.

Kwanza tuelewane kuhusu kraki yenyewe. Office ya Microsoft ni bidhaa ya kununuliwa. Anayeitaka bila kununua hutumia kraki, yaani programu ndogo ya kuihadaa, na inayojulikana zaidi ni ile iitwayo KMSPico. Kampuni kubwa yenye mamia ya kompyuta haihangaiki kuingiza nambari ya leseni kwenye kila moja. Huweka seva ofisini, na kila kompyuta huiuliza seva hiyo kama ina ruhusa ya kutumia Office. Ruhusa ikitolewa hudumu siku 180, na kompyuta huuliza tena kabla hazijaisha. KMSPico hujifanya seva hiyo ndani ya laptopu yako. Ili ifaulu lazima ipewe mamlaka yote ya msimamizi wa mashine, ijifiche isifutwe, na iamke yenyewe mara kwa mara kuurudia uongo wake.

Sasa sahau Office kidogo, uyatazame maelezo hayo peke yake: programu iliyotoka kwa mtu usiyemjua, yenye mamlaka yote, iliyojificha, inayoamka bila kuitwa. Kirusi cha kompyuta hakielezwi kwa namna nyingine. Ndiyo maana antivirasi hupiga kelele ikiiona, na ndiyo maana maelekezo ya kraki, yawe ya YouTube au ya kaka wa saiba, huanza kwa hatua ileile: zima antivirasi. Ukimwona fundi anafungua Windows Security na kuondoa ulinzi kabla hajaweka chochote, mkomeshe hapo hapo, hata kama umeshamlipa. Hakuna programu halali ya kuandikia barua inayotaka ulinzi uzimwe ndipo iingie.

Tuseme kweli: si kila nakala ya kraki imebeba mwizi. Aliyeitunga mara ya kwanza huenda alitaka tu kukwepa malipo. Lakini kitu cha namna hii hakina duka wala mwenye kuwajibika. Anayekitafuta mtandaoni hukutana na nakala chungu nzima zenye jina lilelile, nyingine zikiwa zimewekwa na watu wanaojua jambo moja tu kukuhusu, kwamba utajizimia ulinzi mwenyewe. Fundi anayekuwekea hana njia ya kujua ameshika ipi. Wengi wa vijana hawa ni watu wema, wanatafuta unga, na nakala waliyo nayo walipewa na mwenzao ambaye naye alipewa. Sina sababu ya kuwaita wezi. Nasema tu kwamba hawajui kilicho ndani ya flashi zao.

Yaliyomo yanajulikana. Desemba 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary ilieleza jinsi wahalifu walivyokuwa wakisambaza programu ya wizi iitwayo CryptBot ndani ya KMSPico bandia. Mtu anaweka kraki, Office yake inafunguka vizuri kabisa, anafurahi. Nyuma ya pazia CryptBot inapekua kivinjari na kuchukua paswadi zote zilizohifadhiwa humo, pamoja na pochi za sarafu za kidijitali kama zipo, na kuzituma kwa mwenyewe. Nyingine ya aina hiyo ni Lumma. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba katika muda wa miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, ilikuwa imetambua kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa Lumma. Kraki za programu zimekuwa mojawapo ya njia zake za kuingilia.

Wizi huu ni mbaya kwa sababu hauna kelele. Kompyuta haizimiki na skrini haibadiliki rangi. Na mwizi haishii kwenye paswadi. Ukiingia Gmail leo na kesho ukaikuta bado iko wazi bila kuulizwa kitu, ni kwa sababu kivinjari kimehifadhi kitambulisho kidogo kinachoiambia Gmail kwamba wewe ni yuleyule wa jana. Programu hizi hukibeba kitambulisho hicho pia. Mwenye nacho anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila paswadi, na bila ule ujumbe wa nambari unaotumwa kwenye simu. Akishaishika barua pepe, ameshika kamba ya vyote vilivyofungwa hapo: Facebook, akaunti ya kazi za mtandaoni yenye dola zako za mwezi, eCitizen, iTax. PIN yako ya M-Pesa haikai kwenye laptopu, hilo ni kweli. Lakini picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, uliyoiskani kwa ajili ya basari ya mtoto inakaa humo, na tapeli anajua la kuifanyia.

Kuna aina nyingine yenye makelele. Inaitwa STOP au Djvu, ilisambaa sana kuanzia mwishoni mwa 2018, na njia yake kuu imekuwa hizi hizi kraki na programu za kuhadaa leseni. Unafungua laptopu asubuhi, kila picha, kila barua, kila hesabu imegeuzwa jina na haifunguki. Pembeni kuna faili moja inayofunguka, iitwayo _readme.txt. Ndani yake unaambiwa ulipe dola 980 ili urudishiwe vitu vyako, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo nusu bei ni zaidi ya Sh63,000. Laptopu nyingi za mitumba tunazonunua hazifiki hata nusu ya hizo. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana ya kuyafungua mafaili hayo, ila husaidia hasa walioshambuliwa na matoleo ya zamani. Waliofuata, wengi wao, hawajapata dawa.

Naomba hapa tuitazame mitaa yetu ilivyo, kwa sababu madhara haya hayakai kwa mtu mmoja. Flashi moja inatoka nyumbani Makina, inaingia saiba ya Olympic kuprinti wasifu, inarudi, inaazimwa na jirani wa Lindi kubebea muziki, inaenda shule na mwalimu. Kule Kawangware 46 na Congo ni vivyo hivyo. Kuna virusi vilivyotengenezwa kwa ajili ya safari hiyo: vinayaficha mafolda yako halisi na kuweka alama zinazofanana nayo, nawe ukibofya unakiamsha kirusi badala ya kufungua folda. Aliyewahi kuona folda zake zote zimegeuka "shortcut" amekutana nacho. Ploti nyingi nazo zinashiriki Wi-Fi moja, kwa hiyo mashine iliyooza ya nyumba namba tatu inakaa kwenye mtandao mmoja na yako. Na fundi mmoja mwenye bidii, anayeitwa ploti hii na ile, anaweza kuiweka nakala ileile mbovu kwenye mashine za mtaa mzima kabla ya mwezi kwisha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Upande wa pili wa hatari hii ni wa polepole. Ili kraki isigunduliwe, anayeiweka mara nyingi huzima pia masasisho ya Windows na ya Office. Watu hufurahi kwa sababu bando haliliwi. Lakini masasisho ndiyo yanayoziba mashimo. Novemba 2017 Microsoft iliziba shimo lililokuwa ndani ya kifaa cha Office cha kuandikia milinganyo ya hesabu, lililokaa humo miaka 17 hivi bila kujulikana. Wahalifu waliendelea kulitumia miaka mingi baadaye, kwa sababu walijua dunia imejaa Office zisizosasishwa. Mtu alifungua tu hati ya Word iliyotumwa kwa barua pepe, labda yenye kichwa cha ankara au cha nafasi ya kazi, na mashine ikawa si yake tena. Miezi miwili kabla ya kirusi cha WannaCry kuzizungukia nchi nyingi, Mei 12, 2017, dawa ya shimo lililokipitisha ilikuwa imeshatolewa. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuwa wameipokea.

Tarehe nyingine ya kuijua ni Oktoba 14, 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na pia Office 2016 na Office 2019, ambazo ndizo mafundi wetu wanazozipenda kwa kuwa ni nyepesi kukraki. Ukiwekewa Office 2016 leo, unawekewa kitu ambacho hata kingekuwa cha halali hakizibwi mashimo tena. Office 2021 inafuata Oktoba 13, 2026. Na laptopu zenyewe za ex-UK tunazozigombania, kama HP EliteBook 840 G3 au Lenovo ThinkPad T460, zina prosesa za kizazi cha 6, na Windows 11 haizikubali rasmi. Inataka kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo unaponunua, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza kama ina Office. EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 itakugharimu zaidi kidogo, lakini itakaa.

Kama tayari una mashine ya Windows 10, Microsoft imeruhusu watu wa majumbani kujiandikisha wapate masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Nafasi hiyo utaiona kwenye ukurasa wa Windows Update, na ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, hulipi kitu. Fanya hivyo leo.

Wapo pia wanaouza "leseni ya maisha" ya Office mtandaoni kwa elfu moja au elfu mbili. Wengi wanadhani hii ni afueni, kwa kuwa hakuna cha kuzima. Nambari nyingi za bei hiyo zimetolewa kwenye leseni za jumla za kampuni au za vyuo, ambazo muuzaji hana haki ya kuziuza. Nambari hufanya kazi kwa muda, Microsoft inaifuta, na namba ya simu ya muuzaji haipatikani. Kaa na pesa yako.

Sheria nayo ipo. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, chini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Sitawatisha kwa polisi kuja kupekua ploti za Laini Saba wakitafuta Word. Ninayemwonya kuhusu sheria ni mwenye saiba, na nitamrudia.

Basi tutumie nini? Jibu langu la kwanza, kwa nyumba isiyo na intaneti ya kudumu, ni LibreOffice. Ni programu kamili ya ofisi: ya kuandika, ya hesabu za majedwali, ya maonyesho ya slaidi, na hata ya kuchora. Haiulizi leseni, haina siku ya mwisho, haionyeshi matangazo. Ukishaiweka haihitaji bando wala mtandao. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, Excel na PowerPoint. Inasimamiwa na wakfu usio wa kibiashara ulioko Ujerumani, The Document Foundation, uliotangazwa Septemba 2010 baada ya watengenezaji wa OpenOffice kujitenga na kampuni ya Oracle. Aprili 2024 jimbo la Ujerumani la Schleswig-Holstein liliamua kuhamisha kompyuta 30,000 hivi za serikali yake kwenda LibreOffice. Wala ukoo wake si mgeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili, iliyofasiriwa chini ya mradi wa Kilinux. Watu waliokaa kutafuta majina ya Kiswahili ya menyu hizo waliamini kwamba mwananchi wa kawaida anastahili programu nzuri bila kuiba, nami nasimama nao.

Ipakue kwenye libreoffice.org pekee, na uiandike anwani hiyo kwa mkono wako. Usibofye tangazo lililotokea juu kwenye Google, maana wezi hununua matangazo pia. Faili ya Windows ina MB 350 hivi, kwa hiyo bando la siku linatosha, au nenda mahali penye Wi-Fi unayoiamini. Baada ya hapo unaweza kuinakili kwenye flashi na kumpa jirani, naye ampe mwingine, kwa kuwa leseni yake inaruhusu hivyo waziwazi. Kwa hiyo fundi wa mtaa anaweza kuendelea kudai mia tatu yake ya kazi kwa haki, akiwa na flashi safi mfukoni. Anayepokea aibofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, afungue "Properties" kisha "Digital Signatures". Akiona jina la The Document Foundation, na "Details" ikionyesha kwamba sahihi hiyo ni sawa, nakala ni yenyewe. Akikosa ukurasa huo, aifute.

LibreOffice ina kasoro zake, na si haki kukuficha. Fomati ya ukurasa huweza kuhama kidogo ukifungua hati iliyopambwa sana kwenye Word. Faili za Excel zenye makro, zikiwemo fomu za namna hiyo za KRA, zinaweza kugoma. Mwenye mshahara pekee, au asiye na mapato, hujaza moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax na hahitaji faili hizo. Mwenye biashara anayezihitaji atafute mhasibu au saiba yenye Excel halali kabla ya Juni 30. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, chagua mara moja kwamba hati zihifadhiwe kwa mtindo wa .docx, ili unayemtumia asisumbuke. Na wasifu wa kuombea kazi utume kama PDF daima. Kuna kitufe chake pale juu, na PDF haihami.

Kwa nyumba yenye mtandao wa uhakika, Google Docs na Sheets zinatosha kwa mengi. Akaunti ya Gmail huja na nafasi ya GB 15 bila malipo, na kwenye Chrome unaweza kuwasha hali ya kufanya kazi bila mtandao. Kwa mama mweka hazina hii ndiyo ningeipendekeza kwanza: daftari la chama likiwa huko, laptopu ikiibwa au ikioza, hesabu zinabaki, na wanachama wote wanaweza kulitazama kwenye simu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu kwa fundi. Kijana anasema, "Mama, huko chuoni tunafundishwa pakeji, na pakeji ni Microsoft. Mwajiri akiniuliza Word nitamwambia nini?" Swali ni la haki. Mjibu kwamba Microsoft yenyewe inatoa Word, Excel na PowerPoint bure ndani ya kivinjari kwa yeyote mwenye akaunti yake. Hazina kila kitu, ila menyu ni zile zile za kufanyia mazoezi. Shule na vyuo vilivyothibitishwa na Microsoft vinaweza pia kupata Office 365 A1 bila malipo kwa wanafunzi wao, kwa hiyo mwalimu wa kompyuta aulizwe kama shule imewahi kuomba. Kuna pia WPS Office, ambayo sura yake inakaribiana sana na ya Microsoft. Toleo lake la bure lina matangazo, na baadhi ya mambo yamefungwa mpaka ulipe. Ukiitumia, ipakue kwao wenyewe na uisasishe bila kuchoka, maana mwaka 2024 iligunduliwa kuwa na shimo lililokuwa likitumiwa na wadukuzi.

Na kama laptopu ni kuukuu kiasi kwamba hata Windows 10 inaikokota, iwekewe Linux Mint au Ubuntu. Zote mbili ni za bure. Mint huja na LibreOffice ndani, na Ubuntu huiweka ukichagua usakinishaji kamili. Kibera kuna Taasisi ya Tunapanda, ambayo imefundisha vijana teknolojia na kujenga mtandao wa jamii unaounganisha shule. Fundi asiyejua Linux anaweza kuanzia kuulizia huko.

Sasa kwa aliyekwisha kuwekewa. Fungua Windows Security, nenda kwenye ulinzi dhidi ya virusi, ingia kwenye mipangilio yake, shuka hadi "Exclusions". Hiyo ni orodha ya mahali ambapo ulinzi umeambiwa usitazame. Wewe mwenyewe hukuweka kitu hapo. Ukikuta folda au faili yoyote, hasa yenye herufi KMS, umeshajua. Angalia pia kama ulinzi wenyewe umezimwa, na kama Windows Update imesimamishwa.

Ukithibitisha, au ukibaki na shaka, usijaribu kuifuta kraki peke yake ukaendelea na maisha. Ilikuwa na mamlaka yote. Huwezi kujua imeacha nini. Ondoa laptopu kwenye mtandao. Chukua simu, ukiamini ni safi, ubadilishe paswadi kuanzia ya barua pepe, kisha nyingine zote. Kwenye akaunti ya Google tazama vifaa vilivyoingia na uvitoe vyote, kwa sababu kubadilisha paswadi peke yake huenda kusimtoe aliyebeba kile kitambulisho cha kivinjari. Kwenye WhatsApp toa vifaa vyote vilivyounganishwa. Kama uliwahi kuingia benki kwenye mashine hiyo, wapigie leo. Kisha nakili hati na picha zako tu kwenye flashi mpya. Programu yoyote iache huko huko.

Baada ya hapo mashine isafishwe yote na kuwekwa Windows upya, kutoka kwenye faili inayopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Hapa watu huogopa gharama bila sababu. Laptopu nyingi za ex-UK zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows iliyochongwa ndani ya bodi zake. Ukiweka toleo lilelile, mara nyingi linajitambua lenyewe bila kuulizwa nambari. Fundi mzuri anajua hivyo. Mlipe kazi yake vizuri, kaa naye mpaka amalize, na umwambie mapema kwamba ulinzi hauzimwi.

Aliyeibiwa pesa au akaunti apeleke habari kwa DCI, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kitengo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kinachopokea taarifa za wananchi. Msinyamaze kwa aibu ya kutumia kraki. Mwizi anaitegemea aibu hiyo.

Narudi kwa wenye saiba, kuanzia Kibera Drive hadi Naivasha Road. Kwenye kompyuta zenu hupita taarifa za mtaa mzima: vitambulisho, PIN za KRA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za hospitali. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeshika taarifa za watu anawajibika kuzilinda, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Udogo wa kibanda hauwaondolei wajibu huo. Wiki hii wekeni LibreOffice kwenye mashine zote, ondoeni kraki, washeni ulinzi na masasisho, na kila flashi inayoingia ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Mteja akimaliza, mtoeni kwenye akaunti zake na mfute mafaili yake mbele ya macho yake.